Nyumba Iliyonukia Biskuti

Nyumba ilinukia biskuti zinazotoka jikoni sasa hivi. Jiko lenyewe halikuwa na bomba la gesi.

Mimi napika tangu utotoni, kule Mississippi, mama akiwa shambani kwenye pamba. Shule niliacha darasa la sita. Lakini kutofautisha jiko linalopika na jiko lililosimamishwa tu kama mtu anayepigwa picha, hilo sifundishwi na mtu.

Ila siku ya kwanza sikuchungulia nyuma ya jiko. Hapo ndipo nilipopigwa.

Niwaeleze taratibu, msinikimbize.

Naitwa Verlene. Nipo Toledo, Ohio, tangu ujana wangu. Mwenye nyumba wangu wa miaka yote alifariki, na wanawe wakaiuza nyumba kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Nikahamia kwa Earlene, dada yangu wa kanisani. Chumba kimoja, maboksi yangu mpaka kwenye ngazi.

Mjukuu wangu Jonelle alichukuliwa na serikali mama yake alipofungwa. Wakampeleka kwa watu baki, mji mwingine. Kila nikimpigia simu nauliza amekula nini, ananijibu, "Vile vya boksi, bibi."

Hakimu aliniambia wazi: pata nyumba ya vyumba viwili, mtoto ni wako.

Vyumba viwili. Basi.

Sasa huku kwetu hupangi nyumba hivi hivi. Kwanza unalipa ili uombe. Siyo kodi hiyo, wala amana. Unalipa ili wakuchunguze kama unafaa kulipa. Ukikataliwa, hela hairudi.

Ni sawa na muuza samaki akutoze hela ya kukutazama usoni, halafu akwambie samaki wameisha.

Nilishakataliwa kwingi. Sababu ni ileile: sina alama za mikopo. Maisha yangu yote sijakopa. Nikiwa na hela nanunua, nikiwa sina nakaa. Kwa hao mabwana, mtu asiyewahi kudaiwa haaminiki. Na akili hizo eti wanazisomea chuo.

Ndipo Earlene akaona tangazo kwenye simu. Vyumba viwili, wenye kipato kidogo karibuni.

Jumamosi tukaenda. Foleni imefika getini. Mlangoni kijana anaitwa Colby, viatu vimechongoka, soksi hana, na nje kuna theluji. Mtu anayeshindwa kuvaa soksi ndiye anayenichunguza mimi.

Lakini ile harufu ya biskuti, ndugu zangu. Na kile chumba kidogo kinachotazama mti wa jirani. Nikaona kitanda cha Jonelle pale dirishani, nikamwona na yeye amekikalia.

"Mama, nyumba hii inakusubiri wewe," Colby akasema.

"Mimi sina alama za mikopo, baba."

"Sisi tunaangalia utu. Ada ni dola hamsini na tano tu, kwa simu, leo hii. Foleni unaiona."

Nikatoa. Nikatoa na jina, tarehe ya kuzaliwa, namba yangu ya serikali, kila kitu isipokuwa idadi ya meno.

Kisha nikafanya ujinga wa kwetu.

Sisi watu wa Kusini hatuhamii na ufagio wa zamani, maana unabeba shida za nyumba uliyotoka. Unatanguliza mpya. Mimi ufagio mpya nilikuwa nao tayari kwenye gari la Earlene, mpini nimeufunga uzi mwekundu uliobaki nilipomfumia Jonelle sweta. Nikaenda kuuchukua, nikausimamisha nyuma ya mlango wa kile chumba kidogo.

"Verlene," Earlene akasema, "hujapewa hata ufunguo, unatanguliza nini?"

"Natanguliza bahati."

"Wewe utatanguliza jeneza kabla ya maiti."

Jumatatu ujumbe ukaingia. Samahani, maombi yako hayakufanikiwa, nyumba imepata mpangaji.

Nililia, nikanawa uso. Kukataliwa nimezoea. Kilichonisumbua ni ule ufagio. Huwezi kumwachia mtu mwingine bahati ya mjukuu wako nyuma ya mlango.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikamwambia Earlene anirudishe pale, nimwombe huyo mpangaji mpya ufagio wangu kwa adabu.

Tukakuta foleni mpaka getini.

Biskuti zinanukia vilevile. Na Colby yuko sebuleni, anafagia tope la viatu vya watu. Kwa ufagio wangu. Uzi mwekundu unamchezea mkononi.

Akaniangalia usoni, akatabasamu.

"Karibu, mama. Nyumba hii inakusubiri wewe."

Hakunikumbuka hata kidogo. Ndugu zangu, mwizi wa zamani angalau alikuwa anakariri sura ya mtu aliyemwibia.

Nikaingia jikoni polepole kama kizee nilivyo. Nikachungulia nyuma ya jiko: ukuta mtupu. Nikafungua kabati la chini: mshumaa wa manukato unawaka ndani ya kopo, ndizo hizo biskuti. Choo kimekauka mpaka chini. Taa zinawaka, lakini kuna waya mrefu umepita dirishani, umeingia kwa jirani.

Niliporudi sebuleni, binti mmoja mjamzito, Marisela, alikuwa ameshika simu, kidole kiko juu ya kulipa.

"Ngoja kidogo, mwanangu," nikamwambia. Nikamgeukia Colby. "Kijana, naomba maji. Nimeze dawa ya presha."

"Nina ya chupa kwenye gari, mama, nakuletea."

"Ya bomba yananitosha."

"Bomba wamelifunga kidogo. Wanarekebisha."

"Kidogo kiasi gani?"

Fundi mmoja mwenye ovaroli akaenda kufungua bomba la jikoni. Likakohoa, likanyamaza. Mtu mwingine akaita kutoka chooni, "Huku kuna buibui na wanawe."

Watu wakaanza kunung'unika. Sauti zikapanda.

"Jamani, tuwe wastaarabu," Colby akasema.

Marisela akarudisha simu kwenye pochi. "Na ustaarabu nao una ada?"

Kijana akasema anaenda kumpigia bosi. Akapita jikoni, akabeba mshumaa wake, akatokea mlango wa nyuma na ufagio wangu mkononi. Tuliposikia gari, ameshakula kona. Hela za waliolipa zilikuwa zimemtangulia zamani.

Mimi nikaufuata ule waya.

Jirani ni mzee mmoja, Otha Biggers, mjane, kavaa ndara na koti la kuogea mchana kweupe.

"Waya huu ni wako?"

"Kijana ananipa chochote kila mwezi. Mimi sikujua kitu, dada."

"Hukujua? Nyumba mabomba yake yamepasuka kwa baridi, na kila Jumamosi watu wanapanga foleni chini ya dirisha lako. Ulidhani wanakuja kusali?"

Akaangalia ndara zake. Akauchomoa waya. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Juu kwangu kuna vyumba viwili. Vimekaa tu. Wapangaji nawaogopa. Lakini mtu kama wewe ningempa hata leo."

Earlene akanifinya mkono. Alitaka nishukuru, nipige magoti.

"Unataka kunipangisha?" nikamuuliza mzee.

"Ndiyo."

"Basi omba."

"Niombe nini?"

"Kuwa mwenye nyumba wangu. Ada ya maombi dola hamsini na tano. Hairudi."

Akacheka. Akaona mimi sicheki.

"Huyu hana utani," Earlene akamwambia.

Mzee akaenda ndani, akaleta noti, akanihesabia mkononi. Nikaziweka kwenye sidiria, nikaanza kazi. Nilifungua kila bomba. Niliwasha jiko, moto wa bluu. Nilivuta choo. Nilivuka barabara kumuuliza mama wa mkabala kama mzee huyu hurekebisha kipasha joto kikiharibika au huwa anaanza kuumwa mgongo. Chumba kidogo kilitazama mti uleule, ila kwa upande mwingine.

"Sasa?" mzee akauliza.

"Nitakujulisha Jumatatu. Waombaji ni wengi."

"Wako wapi?"

"Wewe subiri."

Akasubiri. Jumatatu nikamwambia amefanikiwa.

Jonelle alikuja na mfuko mmoja wa nguo. Asubuhi yake ya kwanza nilimpikia uji mzito wa mahindi, siagi inayeyuka juu. Akaulizia vya boksi. Nikamwambia hapa boksi tunawekea viatu.

Polisi tuliwaeleza. Waliandika jina langu vizuri, wakasema watapiga simu. Nadhani wamenipoteza kwenye foleni.

Ninachowaachia ni hiki: anayetaka kukuchunguza, mchunguze wewe kwanza, na uanzie nyuma ya jiko. Mtu anayekula kwa kukukataa hana haraka ya kukukubali.

Na nimeandika leo kwa sababu jana Earlene kanionyesha tangazo jipya, upande wa pili wa mji. Vyumba viwili, wenye kipato kidogo karibuni. Kwenye picha ya chumba kidogo, nyuma ya mlango, kuna ufagio wenye uzi mwekundu.

Ukifika pale, usiulize ada. Omba maji.