Jembe Lililotiwa Mpini

Kila nipitapo Iringa kwa basi, naliona jembe la chuma lililo refu kuliko nyumba, limesimamishwa mbele ya hoteli, mpini ukielekea juu. Maharusi hupiga picha chini yake. Mpini ule niliuchomelea mimi.

Wakati huo nilikuwa tayari Uyole, pembeni mwa Mbeya, nimepanga chumba nyuma ya karakana ya mageti, baada ya miaka mingi ya kuhamahama: Makambako, Tunduma, kisha Mbeya. Akaja msanii wa sanamu aliyepewa kazi na ile hoteli. Alisema zamani majembe ya wahunzi wetu ndiyo yalikuwa fedha. Watu waliyatumia kununua chumvi na mbuzi, na kuoa. Alitaka moja la kweli aliige kwa ukubwa.

"Nyumbani tunalo," nikasema. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Lilikuwa kwa mama, karibu na Kalenga, limefungwa kwenye kitenge darini. Lilikuja siku shangazi alipoolewa, nalo lingetoka siku mtoto wa kiume wa nyumba ile atakapooa. Ng'ombe hufuata, jembe hutangulia. Kwa zaidi ya miaka ishirini lilinisubiri mimi, mtoto wa kwanza. Sasa mdogo wangu alikuwa amepata mchumba.

"Lirudi kabla ya mavuno, mahari inapelekwa baada yake," mama alisema nilipokwenda kulichukua. "Na lirudi kama lilivyo."

Karakanani msanii alilipima, akalichora pande zote. Halafu akaniambia, "Fundi, hebu litie mpini, tulione likisimama."

Nikakata bomba, nikalichomelea kwenye mkia wa jembe, ile ncha ya kuingia mpinini. Sikusita hata kidogo. Niliondoka nyumbani nilipomaliza shule tu, na kwetu mambo ya mahari huambiwa mtu anapokaribia kuoa. Mimi sikuwahi kukaribia.

Mavuno yalipokaribia nililing'oa lile bomba, nikasugua mkia kwa msasa, nikapaka oili, nikapanda basi. Mama hakulitazama. Alipitisha kidole gumba kwenye mkia, pale palipobaki kovu la moto.

"Umelitia mpini."

"Kidogo tu, mama. Kwa kupimia."

"Jembe la kuolea halitiwi mpini, baba. Likishatiwa, ni la kulimia, au la kuchimbia kaburi. Wakwe wakilishika hapa watajua. Nitalipeleka kwa nani?"

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. "Kaka," akasema, "kwa kuwa wewe hukuoa nalo, basi na mimi nisioe nalo?"

Wakanunua jembe jipya mjini, karatasi ya kiwanda ikiwa bado imebandikwa. Siku ya mahari sikuitwa ndani, mahali pa kaka mkubwa. Nilipewa kamba za ng'ombe nizishike uani kwa wakwe. Kupitia dirisha nilimsikia mzee wa upande wa pili akiuliza, "Hili la dukani. Na bwana harusi je, naye mmemtoa dukani?" Watu wakacheka.

Asubuhi, nikijiandaa kuondoka, mama aliniletea kitenge kilekile, jembe likiwa ndani.

"Chukua lako. Kalime."

Liko chini ya kitanda changu, Uyole. Shamba sina.