Barafu Iliyozima Injini ya Baba

Kiwanja cha ndege cha Gisenyi, mji wetu kando ya ziwa, kilinuka petroli na majani mabichi yaliyolowa. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msichana wa miaka kumi, na baba yangu, rubani tuliyerudi naye nchini kwetu kutoka Tanzania, aliniketisha kwenye ndege ndogo ya tajiri mmoja aliyemwajiri, ikiwa bado chini, akanifundisha. "Juu ya ziwa hewa ina unyevunyevu," alisema. "Kabureta, pale hewa inapochanganyika na petroli, huganda barafu ndani, hata jua likiwaka. Vuta kishikio hiki, hewa ya moto iingie. Kisha punguza petroli polepole mpaka injini itake kukohoa, uirudishe kidogo. Hapo itatulia, na mafuta hayapotei."

Tajiri, aliyekuwa karibu, alisikia nusu tu, ile ya kupunguza petroli. Asubuhi moja alisimama kando ya bawa akafoka mbele yangu: "We, hiyo moto inakula nguvu ya moteri! Sitaki tena. Punguza mafuta tu, bon!" Baba alijaribu kueleza, akajibiwa: "Marubani wengine iko." Akapanda ndege, akaruka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba yangu alilisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile. Mawinguni, juu ya ziwa karibu na Nyamyumba, injini ilianza kufifia. Alipokivuta kishikio hatimaye, alikuwa amechelewa; injini ikazimika, ndege ikatua ziwani kwa kishindo. Wavuvi wakamtoa akiwa hai.

Tajiri alikuja kwetu na wachunguzi wawili, baba amelala na mguu wa plasta. "Yeye ndiye alipunguza mafuta kupita," alisema, macho makavu. Barafu ilikwisha kuyeyuka, nani angeionyesha? Nikasimama. "Mwongo! Wewe ndiye uliyemkataza hewa ya moto!"

"Nyamaza!" Baba alinikemea. Akawageukia wageni: "Usukani nilishika mimi. Rubani ndiye anayejibu." Hakuruka tena.

Leo nimeupita umri aliokuwa nao baba wakati ule. Nafundisha ufundi wa injini, na nyingi hazina hata kabureta; wanafunzi wangu nawaruhusu kunibishia. Baba, mzee sasa, husema yamepita. Kwangu hayajapita. Siku ile ya wachunguzi, yule tajiri alikunywa chai yetu mpaka tone la mwisho, kisha baba akaniamuru nipige magoti nimwombe radhi. Nilipiga magoti. Akanipapasa kichwa, akasema amenisamehe.