Mama Kasoro na Darubini Tatu

Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya meza ya ukaguzi katika kiwanda cha nguo, kitambaa kikipita juu ya kioo chenye taa chini yake, naye akitafuta makosa. Uzi uliokatika, doa la mafuta dogo kama punje ya mtama, rangi iliyokolea upande huu na kupauka upande ule, hakuna kilichompita. Wafumaji walimbandika jina la Mama Kasoro, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa mapenzi. Siku aliyostaafu walimwimbia kwa jina hilohilo mpaka msimamizi akalazimika kuzima mashine.

Kustaafu kulimchosha kuliko kazi. Wiki mbili hazijaisha, alikuwa amekwisha kukagua mapazia yote ya nyumbani, mashuka yote, na hata shati la mumewe akiwa amelivaa.

"Mke wangu," mumewe akamwambia, "mimi si jora la kitambaa. Tafuta kitu kingine cha kutolea macho."

Kitu chenyewe akakipata kwa jirani, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, ambaye kila Jumamosi asubuhi aliongoza kikundi cha watu kumi na wawili kwenda kutazama na kuhesabu ndege kwenye mabwawa ya maji taka nje ya mji. Ndiyo, maji taka. Ndege hawana neno na harufu, na pale walijaa tele. Jumamosi ya kwanza Mama Kasoro alikwenda ameziba pua kwa leso. Ya tatu, leso aliisahau nyumbani na wala hakuikumbuka. Alipenda hasa vitwitwi, wale ndege wadogo wanaokimbiakimbia kwenye matope. Wenzake waliona wote ni walewale; yeye aliwatenga kwa rangi ya mgongo na urefu wa mdomo kama alivyokuwa akitenga pamba ya daraja la kwanza na la pili.

Tatizo lilikuwa darubini. Kikundi kilikuwa na moja tu ya pamoja, nayo jicho moja lilikuwa limeota ukungu ndani. Basi mfadhili mmoja alipojitolea kuwanunulia mpya, kila mtu akawa mtaalamu. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa shemeji yake Mama Kasoro, mdogo wa mumewe, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, mtu ambaye hata akikuelekeza dukani lazima atie chumvi.

"Nunueni kama yangu!" alisema, akiinua darubini kubwa yenye lenzi nyekundu zinazong'aa. "Hii inakuza mara ishirini. Bata akiwa ng'ambo, unamhesabu manyoya!"

Mwalimu hakutaka ugomvi. Alikwenda kwenye duka la kamera, akamwomba mwenye duka amwazime darubini mbili kwa wiki moja: moja ya kukuza mara kumi, nyingine ndogo ya kukuza mara nane. Kisha akaziweka mezani kwa Mama Kasoro pamoja na ile ya shemeji, zote tatu.

"Mama, wewe umekagua nguo walizovaa watu wa nchi nzima. Tukagulie na hizi."

Usiku ule furaha ilimnyima usingizi. Asubuhi alimwomba mwanamke wa nyumba ya mkabala amtundikie kitambaa cha mirabamiraba, nyeupe na ya samawati, kwenye kamba ya kuanikia nguo juu ya paa. Yeye akaketi kwenye baraza ya ghorofa ya pili, daftari magotini, viwiko juu ya ukuta.

"Jirani!" yule mwanamke akapaza sauti. "Usije ukaona na sufuria zangu zilizoungua!"

"Nimeshaziona! Ziko mbili!"

Wakacheka wote wawili, huyu juu ya paa, huyu barazani.

Alianza na ile ya shemeji. Kweli ilikuza, lakini kila alipovuta pumzi kitambaa kiliruka kama kimepatwa na kwikwi. Weupe wake ulikuwa na ukijani wa maji ya bwawa. Baada ya dakika kumi kichwa kikaanza kumgonga, akaelewa kwa nini: jicho la kulia na la kushoto hayakutazama mahali pamoja. Mstari mmoja ulionekana miwili, imepishana kidogo, kama mke na mume walionuniana. Akaandika: "Macho hayaelewani."

Ile ya mara kumi ilimfurahisha sana. Katikati aliona mpaka nyuzi za pindo. Ila alipopeleka macho pembeni, miraba ilipinda kama kitambaa kilichovutwa vibaya kwenye mashine, na waya mweusi wa antena ulikuwa na ukingo wa zambarau ambao yeye alijua fika kwamba waya hauna.

Ile ndogo haikukuza kitu cha kutisha. Lakini mirabamiraba ilinyooka kutoka ukingo hadi ukingo, nyeupe ikabaki nyeupe, na alfajiri iliyofuata, jua likiwa halijachomoza, bado aliweza kutenganisha rangi ya kahawia na ile ya damu ya mzee kwenye mashuka ya jirani. Alikagua siku tatu, akitafuta kosa kama anayetafuta pete iliyopotea.

Siku ya nne akalipata. Alimwita mumewe, mvaaji wa miwani minene, ajaribu.

"Naona tundu," mumewe akasema. "Tundu dogo kama la ufunguo. Ndani yake kuna giza."

Mama Kasoro akafungua daftari. Nusu ya kikundi walivaa miwani. Akashika tama, akaanza kuandika kwamba hiyo nayo haifai. Mumewe, ambaye hakuwahi kujali ndege wala darubini, alibaki akiichezea tu, akivutavuta ile mipira ya mahali pa kuwekea macho. Ghafla mmoja ukazunguka na kushuka chini, klik. Akashusha na wa pili. Akaweka darubini tena kwenye miwani.

Kisha akapiga ukelele uliowatoa majirani madirishani.

"Mama watoto! Ana jicho jekundu!"

"Nani?"

"Yule ndege wa manjano pale kwenye antena! Ana jicho jekundu kabisa, na ana jani mdomoni! Anakwenda kujenga! Miaka yote hii wananipigia kelele hapa, kumbe wana macho mekundu!"

"Huyo ni mnana. Hebu nione."

"Subiri kwanza."

Alisubiri robo saa. Chai ikapoa, mumewe bado ametoa macho, anamsimulia mkewe kila kitu kana kwamba anatangaza mpira. Mama Kasoro akajikuta anacheka mpaka machozi. Hakukumbuka mara ya mwisho walipokaa barazani muda mrefu hivyo bila redio.

Jumamosi walikwenda wote, mume naye, kofia kichwani. Mama Kasoro akasoma matokeo yake mbele ya kikundi. Shemeji akajipiga kifua.

"Shemeji, hayo ni ya kitambaa. Hapa tuko kwa ndege!"

"Sawa, shemeji. Chagua ndege wewe mwenyewe."

Akachagua kitwitwi aliyesimama peke yake kwenye ukingo wa saruji, upande wa pili wa bwawa. Mwalimu alisema kuna watafiti huwavisha ndege hao pete za rangi miguuni, na rangi ikisomwa sawasawa hujulikana alikovishwa. Shemeji akatazama kwanza, mikono ikimtetemeka kwa uzito.

"Hana pete. Ana tope tu."

Mwalimu akatazama kwa ile ya mara kumi. "Pete ipo. Bluu, au zambarau... sina hakika."

Mama Kasoro akaweka viwiko kwenye mbavu, akatulia. "Ni mbili. Njano juu, kijani chini. Mguu wa kushoto."

Shemeji akampokonya darubini ile ndogo. Akatazama. Akaendelea kutazama. Foleni ikajipanga nyuma yake, watu wakaanza kumvuta shati, naye hakubanduka.

"Njano," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Na kijani. Ee bwana wee."

Ile ya mara nane ikanunuliwa. Mwenye duka aliposikia kisa hicho, na hasa habari ya ile mipira inayoshuka ambayo hata yeye hakuijua, alimwomba Mama Kasoro awe anapita kila mzigo mpya ukifika. Sasa ana kiti chake karibu na dirisha la duka, na darubini yenye macho yasiyoelewana hurudishwa kabla mnunuzi hajaiona.

Shemeji alipotea Jumamosi mbili. Ya tatu alikuja mapema kuliko wote, akiwa na darubini ndogo nyeusi chini ya koti.

"Mpya hiyo?" Mwalimu akamwuliza.

"Ya zamani hii. Nilikuwa nayo siku zote kwenye lori."

Karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkanda. Walicheka hivi kwamba bata wote wa bwawa la kwanza waliruka kwa mpigo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekumbuka kuwahesabu.