Barafu mu Hangari ya Samaki

Baba yetu alikuwa na kinga moja, baiskeli ya chuma nzito, aliipata ku kazi ya reli ile wakati mi nilikuwa mutoto mudogo. Hakuipanda hata siku moja mbele ya bantu. Ilikuwa inalala mu chumba yao, karibu na kitanda, kamba mu gurudumu, na mwisho ya kamba ku mukono yake. Mama alikuwa anamwambia, "Siku utageuka mubaya mu usingizi, kinga itatulalia siye bote." Baba hakucheka. Alisema bantu banangojea tu asinzie. Bantu gani, hakusema. Mi masomo niliacha mapema, mwalimu alitaka tusome na sauti na sauti yangu ilikuwa inanipa haya, lakini ile tuiache. Nataka kusema ni hivi: ile kushuku ya baba haikufa naye. Mi nilipata kidogo. Yenye ilibakia ilienda yote kwa dada yangu mukubwa, mwenye tunaita Yaya.

Yaya aliolewa na muntu wa samaki. Shemeji alikuwa analeta samaki ya kukauka ya Pweto, mifuko kwa mifuko, akajenga hangari ya mabati mu parsele, kiwanja yao, kubwa kupita nyumba. Alipokufa, samaki ikaisha, harufu ikabakia. Yaya hana mutoto, na shemeji hakuacha pansio, franga ya kila mwezi. Ile parsele na ile hangari njo vitu alimuachia, basi. Bibi yangu, mwenye nilioa, naye alipokufa, nilihamia kwa Yaya. Alinipa chumba ya inje na kiti ku mulango, nione nani anaingia na nani anatoka.

Njo akaingia bwana mumoja. Hakuwa mugeni kabisa. Alizaliwa ku barabara ya nyuma, wazazi yake ni bantu ba Kasai, mama yake aliuzaga sukari na Yaya alimujua. Ye alienda kuishi mu nchi ya theluji, akarudi na mvi. Alitaka hangari.

"Ya kutiya nini?" Yaya akamuuliza.

"Barafu, Mama."

"Ya kuuzisha?"

"Apana. Ya kutembea yulu yake. Bantu banavaa viatu ya kisu chini, banacheza hoki."

Yaya akanigeukia. "Unasikia? Courant ya umeme inakatika kila siku, samaki yetu ilikuwa inaoza ndani ya frigo. Ye iko anataka kugandisha mayi ya hangari muzima."

"Nitaleta groupe, machine ya kutosha courant, Mama. Na nitabadilisha mabati yote ya yulu."

Ile ya mabati njo ilimuvuta, juu hangari ilikuwa inavuja. Bwana akaeleza vizuri. Ku Kasapa, ku chuo kikubwa, bana-étudiant balikuwa banacheza tayari, juu ya simenti, na viatu ya magurudumu, banafukuza kitu kimoja cheusi kama kifuniko ya kopo ya sirage ya viatu. Kule Zambia, Ndola na Kitwe, kulikuwa bengine kama bao. Balikuwa banavuka mupaka ya Kasumbalesa kuchezeshana. Alitaka ifike ligi ya inchi zote mbili, na mahali ya barafu ya kweli iwe hapa, kwetu. Mi nilipenda. Yaya alisema muntu mwenye kuacha mahali barafu iko bure, anakuya kuitafuta ku jua, huyo iko na kitu ingine.

Lakini sababu ya mabati akamuachia hangari, na bwana akaanza kuchimba. Alisema sakafu ya barafu inataka udongo mugumu, na yetu ilikuwa ya kichuguu, lazima itoke yote. Akazunguusha shimo na mabati, akatandika bashi ya plastiki yulu yake mvua isiingie. Kila asubuhi kamio, motoka ya muzigo, inaingia na muchanga, inatoka na udongo.

Mu Lubumbashi, muntu akichimba na akafunika, hakuna mwenye anauliza anajenga nini, bote banawaza madini. Na kamio, hatuangalie inaingia na nini. Tunaangalia inatoka na nini. Mama ya mikate, mwenye anauzisha mbele ya mulango, alimuuliza Yaya waziwazi, "Udongo yako inaenda wapi?"

Yaya akaenda kumuuliza bwana. Bwana akamujibu, kuko rafiki yake anajaza bonde, njia ya Kinsevere.

"Kinsevere," Yaya akasema. "Kwenye shaba iko."

"Mama, hata kanisa iko kule."

Tangu ile siku Yaya hakulala vizuri. Aliona mu mutaa ingine kuta ya bantu zinapasuka sababu ya mashimo ya madini, kisha banafukuzwa mu parsele yao, eti chini iko mali. "Mi nitaenda wapi na hii miguu?" aliniuliza. Chumba yangu pia iko mu ile parsele.

Kisha bachezaji ba Ndola bakakuya kuona kazi. Balikuwa na mifuko mirefu, muntu anaweza kulala ndani. Yaya akasimama mu njia. Mumoja akamuinamia, akamuita "Mayo" kama Babemba banavyoita mama, akamufungulia. Fimbo, kofia ya chuma, na soksi zenye zilivuka mupaka bila kufuliwa. Yaya akarudi nyuma na pua mu kitambaa.

"Umetosheka?" nikamuuliza.

"Hii njo mufuko ya kuingia. Ya kutoka nitaipima."

Na aliipima na kuipekua, moja moja, ile siku balienda. Soksi tu.

Bwana alimaliza muchanga, akaanza kulaza tiyo, mabomba membamba, nyingi, moja kando ya ingine, juu njo baridi itapita ndani. Machine ya baridi ilikuwa mu kasha, haiyafunguliwa. Akasema akifunika tiyo na beto ya simenti, kazi iko karibu kuisha. Yaya akasikia beto.

"Apana. Ukifunika sitaona tena. Toa tiyo, nione chini."

"Mama, nikizikata, sina ya kuweka ingine. Bantu ba Zambia banakuya mvua ikiisha. Hakutakuwa kitu."

"Toa."

Bwana akaniangalia. "Muzee, we unasema nini?"

"Parsele iko yake," nikasema.

Bwana akakamata shi, musumeno ya chuma, akakata tiyo ye mwenyewe, moja, ya pili, akaondoa muchanga kwa shepo mupaka udongo ikaonekana. Ilikuwa nyekundu, kama yote ya mutaa. Yaya akachutama, akapekua, akatoa kajiwe ka rangi ya majani, kama ile ya shaba. "Na hii?"

"Mama, chimba mu jikoni yako, utapata ile ile."

"Aah. Kumbe ulichimba mpaka mu jikoni yangu?"

Bwana akavua glove, akaziweka juu ya muchanga. Akakuya ku mulango, kwangu.

"Mupekue mifuko ya suruali," Yaya akaita.

Sikusimama. Bwana akageuza mifuko ye mwenyewe, kama bafanyakazi banafanya ku mulango ya mine ya shaba: kitambaa, funguo za kasha ya machine. Funguo akanipa. Akamusalimia mama ya mikate, akafuata barabara, mifuko ya suruali ikining'inia inje, na hakurudi tena.