Chuo cha Karibu na Nyumbani

Alhamisi, tarehe kumi na mbili mwezi wa sita, mke wangu alifariki nyumbani kwetu, nje kidogo ya Vwawa, kahawa ikiwa imeanza kuiva. Tulimzika Jumamosi. Jumapili jioni binti yetu akapigiwa simu: Jumanne afike Tunduma, kwenye usaili wa kazi ya uuguzi katika hospitali ya watu binafsi.

Tangu amalize chuo, hiyo ndiyo simu ya kwanza kupigiwa. Kote alikoomba kulikuwa kimya. Alikuwa amechaguliwa chuo kikubwa cha mjini, kile ambacho ukikitaja kila mtu anakijua. Lakini mama yake alishaanza kuumwa, naye akakataa kwenda mbali. Akaingia chuo kidogo cha misheni huku kwetu Mbozi, ili kila Jumamosi aje kumwogesha mama na kumfulia.

Dada yangu hakunificha. "Kaka, umemwacha mtoto akasomee kichakani. Atarudi hapa kuchuma kahawa na cheti mkononi." Na mimi niliogopa hivyo hivyo.

Sasa kwetu mfiwa hatoki msibani kabla ya kunyolewa, na kunyoa ni siku ya mwisho, ukoo wote ukiwepo. Niliposema binti atasafiri, dada yangu akaja juu.

"Msiba haujaisha, anakwenda wapi?"

"Kutafuta kazi."

"Kwa chuo kile? Unamtoa mtoto kwenye kilio cha mama yake akachekwe na watu?"

"Basi mnyoe kesho. Kama ni kuchekwa, achekwe akiwa amenyolewa."

Wazee wakatazamana, kisha wakakubali. Jumatatu asubuhi dada yangu alitoka na wembe, akaninyoa mimi kwanza, kisha akamnyoa binti uani, analia huku anagomba: "Tulia wewe! Kichwa chenyewe cha baba yako, mabonde matupu."

Jumanne nilimsindikiza, kwa sababu mfiwa hasafiri peke yake. Pale hospitalini, kwenye benchi, wasichana wengine walikuwa wamesuka vizuri. Mmoja akamgeukia.

"Wewe dada, umesoma wapi?"

Akamtajia.

"Ndiyo wapi huko?"

"Mbozi."

"Kumbe Mbozi nako kuna chuo!"

Wakacheka. Binti yangu akatazama viatu vyake. Waliotoka vyuo vikubwa waliitwa kwanza, yeye akaitwa mwisho. Siwezi kudanganya, jina la chuo lilikuwa na uzito.

Ya ndani sikuyaona, alinisimulia mwenyewe. Baada ya maswali metroni, mkuu wa wauguzi, aliwapeleka wodini, kwa mtoto mchanga aliyekaushwa na kuharisha, anayetakiwa kuwekewa dripu. Msichana aliyetangulia alishika sindano, akaielekeza pasipo na mshipa, metroni akamzuia. Binti yangu akauweka mguu wa mtoto kwenye kiganja chake, akaupasha joto, akaupapasa taratibu mpaka akaupata mshipa. Akachoma mara moja tu. Maji yakaanza kushuka.

"Umejifunzia wapi?" metroni akauliza.

"Hospitali ya chuo chetu ina wauguzi wachache, metroni. Tulishikishwa kazi tangu mwaka wa kwanza."

Yule msichana aliyetangulia akasema bila kuona aibu, "Sisi tulikuwa tunazunguka kitanda kimoja darasa zima. Mimi nilikuwa nyuma." Naye walimchukua, kwa sababu aliwashinda wote kwenye maswali. Walichukuliwa wao wawili.

Binti yangu alitoka, akasimama mbele yangu na kichwa chake kinang'aa. "Baba, naanza Jumatatu." Nikasimama, nikampapasa kipara chake. Akacheka, na tangu Alhamisi sikuwa nimemsikia akicheka.

Tulifika nyumbani jua likielekea kuzama. Wanawake walikuwa uani wanapepeta mahindi ya kesho. Dada yangu akaacha ungo. "Haya, wamekufukuza?"

"Wamenichukua, shangazi."

Msibani hakuna anayepiga vigelegele. Dada yangu alipiga. Akashtuka, akajiziba mdomo kwa kanga, lakini wenzake walikuwa wameshapokea, uani kote kukawa kelele. Jirani akaja mbio kutoka shambani.

"Kuna nini? Marehemu kafufuka?"

"Nyamaza wewe," dada yangu akamwambia, machozi yanamtiririka. "Mtoto wetu kapata kazi." Akamshika binti yangu mkono, akampeleka jikoni ale.