Bweni Lililochipua

Vigingi vyangu vya kwanza viliishia kupikiwa maharage. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu nilivichonga mwenyewe Kasulu, kwa mbao safi, nikavipaka rangi nyekundu vichwani na kuvipakia kwenye lori hadi kwenye kilima kimoja upande wa Kibondo, ambako chuo kilitaka kuongeza bweni la wasichana. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kazi yangu ilikuwa kuandaa zabuni: kupima kiwanja, kuchora ramani, na kuweka kigingi kila mahali itakapokaa nguzo, ili wakandarasi wakija kukagua waone kwa macho yao kile wanachokwenda kukitajia bei. Jioni niliviacha vimesimama. Asubuhi havikuwapo, na majiko ya majirani yalikuwa yanafuka moshi vizuri tu.

Mimi ni mtoto wa duka. Baba alitoka pwani akafungua duka la vitambaa Kasulu mjini, na sisi watoto tulijua aina za khanga kuliko aina za miti. Nilichojua ni kwamba kuni mbichi haziwaki. Kwa hasira nikawaambia vibarua wakate matawi mabichi ya mti wowote uliokuwa karibu, wayachonge, tuyapigilie. Mti wenyewe ulikuwa mvumu. Vibarua wangu, wote Waha wa Busunzu, walitazamana kidogo, kisha wakafanya nilivyosema. Baadaye sana mmoja aliniambia walidhani nataka ua, maana huko mtu akitaka ua wa nyumba yake huchomeka matawi ya mvumu, nayo hushika mizizi.

Makao makuu wakairudisha ramani. Walitaka vyoo visogezwe. Nikavisogeza, wakairudisha tena wakitaka virudi vilipokuwa. Ilikuwa hivyo mpaka mvua zote zikanyesha zikakatika, na ndipo nilipopanda tena kilimani kuwapokea wakandarasi.

Kulikuwa na ukungu mzito asubuhi ile. Niliona kwanza majani, yakiwa yamesimama kwa mstari. Kila kigingi kilikuwa kimechipua, vingine vimefika kifuani kwangu, na bweni nililolichora mezani lilikuwa pale mbele yangu, pembe kwa pembe, likiwa hai. Nje ya mistari nyasi zilifika kiunoni. Ndani hapakuwa na hata unyasi mmoja. Udongo ulikuwa umefagiliwa, alama za ufagio zikionekana, na hapakuwa na unyayo wa mtu. Niliogopa, sina haja ya kuficha.

Vibarua hawakukatiza kati ya vigingi kama walivyozoea. Walizunguka ubavu wa jengo wakaingia mahali pamoja tu, mmoja nyuma ya mwenzake. Nikawafuata, na nilipofika nikagundua kwamba hapo ndipo ramani yangu ilipoweka mlango. Vigingi havionyeshi mlango, na ramani ilikuwa imekunjwa kwapani mwangu, wala hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

"Kwa nini mnapita hapa?" nikauliza.

"Ndipo wanapopita," alijibu mkubwa wao.

"Akina nani?"

Nikamfokea, maana nikiogopa huwa nafoka, naye akainama tu akaangalia jembe lake.

Kisha mwanamke akatokea kwenye ukungu na ufagio mkononi. Alipofika palepale penye mlango alivua ndala, akaingia. Alikuwa Mrundi, mmoja wa wale waliobaki kulima mashamba ya watu upande wa Kitahana wenzao walipopelekwa makambini.

"Mwakeye, baba," alisema. "Ni weye uliyevishinga hivi viti?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi niliyevichomeka vigingi hivi."

Aliweka ufagio chini, akanishika mikono yote miwili. Akanieleza, polepole, Kiswahili chake kikichanganyika na cha kwao. Walipokimbia vita walifika kilimani hapo na mvua. Watoto wakaanza kuhara. Waliwazika hapohapo, kila mmoja akachomekewa kijiti chake ili ajulikane. Kisha magari yakaja kuwapeleka wengi makambini, na kiangazi kilichofuata moto wa nyasi ukaunguza kilima kizima.

"Nilirudi kumtafuta mwanangu, sioni kitu," alisema. "Nimezunguka hapa mpaka watu wakasema nimerukwa na akili. Halafu siku moja nakuja, nakuta mtu amewarudishia viti vyao, na vimeshika." Akaenda hadi pembe ya mashariki, akagusa majani ya kigingi cha mwisho. "Huyu ni wanje. Alilala huku mwisho."

Nilitaka kumwambia ile ni nguzo. Mdomo niliufungua kabisa.

"Nani alikuonyesha walipo?" akaniuliza.

"Hakuna, mama. Ni ramani."

"Na aliyeichora alikuwa na sisi?"

"Niliichora mimi mwenyewe. Nilikuwa Kasulu."

Akanitazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mfiwa. "Pole, baba," alisema. "Wewe ulimwacha nani hapa?"

Wakandarasi walifika ukungu ukiwa bado haujaondoka. Walitaka kuona udongo, na hiyo ni haki yao, kwa sababu hakuna anayetaja bei ya msingi bila kujua atachimba katika nini. Mmoja wao, mtu wa sauti kubwa, alitaka tuchimbe pembe ya mashariki kwa kuwa pembe ndiyo inayobeba uzito. Mama yule alikwenda akakaa chini kando ya kigingi chake, miguu ameinyoosha, mkono mmoja juu ya udongo. Nikasema tuchimbe kigingi cha katikati. Mkandarasi akabisha. Nikamwambia kiwanja ni changu mpaka zabuni itakapofunguliwa, na asiyetaka apande gari lake.

Jembe lilizama kirahisi mno. Udongo wa kilima kile ni mgumu, lakini huu ulikuwa tifutifu, mwekundu na mweusi vikiwa vimechanganyika. Mchimbaji akaingiza jembe tena, likatoka na kipande cha kitenge. Aliliacha jembe palepale akarudi nyuma. Hata yule wa sauti kubwa alivua kofia. Nafasi kati ya nguzo na nguzo niliigawa kwa rula, redio ikiimba dukani kwa baba, na hadi leo sijui nilikuwa nafuata nini.

Tulifukia. Mkuu wa chuo, mtu mwema, hakuhitaji maelezo marefu: zabuni ilifutwa, bweni likahamishiwa kiwanja cha chini, karibu na barabara, nikaanza kuchora upya.

Asubuhi niliyokwenda kupima kiwanja hicho cha chini niliwaona wanawake wakipanda kilimani. Habari zilikuwa zimefika makambini. Walipita karibu yangu, kundi kubwa, nami nikajikuta nawafuata. Walivua viatu penye mlango, wakaingia, na kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye kigingi akasimama. Hawakugombana wala kuulizana. Yule mama wa kwanza alikuwa kwenye pembe yake.

Vigingi vikaisha. Mlangoni alibaki mmoja, msichana bado, ndala mkononi. Alivitazama vigingi kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa na mtu. Kisha akageuka akaniona.

"Baba," alisema, "na wa kwangu umemweka wapi?"

Nilikuwa na ramani mpya mkononi, ya kiwanja cha chini, isiyo na nukta hata moja ya kilima kile. Nikaikunjua mbele yake, nikaanza kutafuta.