Kadi za Besiboli na Mkono wa Tonton Bahati

Harufu ya wino mbichi kwenye karatasi ngumu inayong'aa bado hunitia woga. Nikiisikia kwenye kioski chochote, hulipa haraka nikatoka nje.

Miaka ya tisini, tulipoishi ughaibuni, mtaa wa Uccle, nilikuwa nakusanya kadi za besiboli. Msinicheke. Mchezo wenyewe sikuwa nimeuona hata siku moja. Ila darasani kwetu kulikuwa na watoto wa Kimarekani, na duka moja la vitu vya kuchezea liliziuza kwa ajili yao, ndani ya vipakiti vya karatasi ya rangi ya fedha. Nilipenda kule kutojua nani yumo ndani. Maman aliwaita wale wachezaji "babwana ba pijama", kwa sababu ya suruali zao zilizofanana na nguo za kulalia.

Mwaka ule Tonton Bahati, mjomba wangu, mdogo wake Maman, alitufikia kutoka Kivu, peke yake, na mfuko mmoja. Alikuwa mpole, mwenye kicheko cha taratibu, na Jumamosi asubuhi yeye ndiye aliyenisindikiza dukani.

Jumamosi moja nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kadi, nanusa vipakiti kana kwamba pua ingenichagulia, rafu ya chuma nyuma yetu ikaporomoka. Magari ya bati yalimwagika sakafuni kwa kishindo mfululizo, ta-ta-ta-ta. Kabla sijageuka, kitu kizito kiliniangusha. Alikuwa Tonton. Alinilalia mwili mzima, shavu langu likabanwa kwenye vigae baridi, kiganja chake kikaniziba mdomo.

"Nyamaza, Furaha," alininong'oneza sikioni. "Usisimame. Beko karibu, bale ba bunduki."

Mimi naitwa Esther. Nilijaribu kumwambia, sauti ikaishia kiganjani mwake. Kadiri nilivyofurukuta ndivyo alivyonikandamiza. Moyo wake ulinigonga mgongoni. Niliona viatu vya watu vikirudi nyuma, nikawaza: Tonton amegeuka mtu mwingine, na mtu huyu ataniua. Nikajikojolea.

Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani, alipiga magoti mbali kidogo nasi. "Monsieur, ni rafu tu," alisema kwa Kifaransa cha polepole. "Tazama. Ni rafu." Alirudia na kurudia, hata kiganja kikalegea. Nilichomoka, nikakimbia hadi nyumbani bila kutazama nyuma.

Maman alinikuta chini ya kitanda. Alikaa sakafuni kando yangu.

"Tonton yako haana bazimu," alisema. "Furaha alikuwa mutoto yake. Balikuwa bamejificha mu shamba ya mihogo. Masasi ya bunduki ikalia, mutoto akaogopa, akasimama akimbie. Ikamupata."

Niliyasikia maneno, lakini woga haukuondoka. Nikisikia hatua za Tonton, nilijifungia chooni. Naye, nikiingia sebuleni, aliinuka na sahani yake akaenda kula jikoni. Nilidhani amenikasirikia. Hadi siku moja nilipomchungulia: amesimama akiutazama ukuta, ugali unapoa, sikio kalielekeza mlangoni kusikiliza kama hatua zangu zinakuja. Haikuwahi kunijia kabla kwamba mtu mzima anaweza kumwogopa mtoto, nikasimama mlangoni nikishangaa.

"Tonton," nilisema, mguu mmoja tayari kukimbia, "rudi ukae."

"Hautaogopa?"

"Nitaogopa kidogo."

Alirudi, akakaa mwisho wa kochi. Mimi nikakaa mwisho mwingine. Ilipita miezi kabla nafasi ile katikati yetu haijaisha, lakini iliisha.

Nilipozaa ndipo nilipoelewa nilikuwa wapi asubuhi ile, pale kwenye vigae. Kwa miaka mingi nilikumbuka uzito tu, na mkono mdomoni. Nilikumbuka mtu aliyeniangusha. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yeye alijilaza juu yangu, upande alikodhani risasi zinatokea, ili zimpate yeye.